Kabla hujasema ubongo umebadilika: kwa wanaoanza kufuatilia MS kwa MRI

Wengi wanaojiunga na kazi hii huja na hamu ya vipimo vipya: ramani za mtawanyiko wa maji, vipimo vya mayelini (ala inayofunika nyuzi za neva), mashine yenye sumaku kali ya tesla 7. Hamu hiyo ni njema, itunze. Lakini kufuatilia maltipo sklerosisi, au MS kama tunavyoiita kila siku, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mayelini ya ubongo na uti wa mgongo, ni kulinganisha picha ya MRI (mashine inayopiga picha kwa sumaku) ya leo na ya mwaka jana. Kila mara jiulize kwanza: mbali na ugonjwa, ni nini kingine kimebadilika kati ya picha hizi mbili?

Mara nyingi majibu ni mengi. Programu ya mashine imesasishwa. Koili ya kichwa, kifaa kinachozunguka kichwa na kunasa mawimbi, ni nyingine. Kichwa cha mgonjwa kimelazwa kwa pembe tofauti. Vipande vilivyokuwa na unene wa milimita 1 sasa vina milimita 3, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Lolote kati ya hayo linaweza kukuzalishia madoa mapya (alama za majeraha ya MS) yasiyokuwepo au kukuficha yaliyopo. Kwa hiyo, kabla ya uchambuzi wowote, andaa jedwali la kila picha: tarehe, mashine, toleo la programu yake, koili, unene wa vipande, kama kontrasti (dawa yenye gadolini inayofanya madoa mapya yawake kwenye picha) ilidungwa na picha ikapigwa baada ya dakika ngapi. Taarifa nyingi kati ya hizi zimo ndani ya faili zenyewe. Zisome humo, usiamini jina la folda.

Ukifika kwenye kulinganisha, utahitaji kuzipanga picha mbili zikae sawasawa. Hapa pana mtego ambao wageni wengi hawauoni. Ukiiacha picha ya kwanza kama ilivyo, ukaigeuza ya pili peke yake ili ifuate ya kwanza, ile ya pili hupoteza ukali kidogo kwa sababu thamani za vokseli zake, yaani chembe ndogo zinazounda picha, zimekadiriwa upya. Tofauti utakayoipima baada ya hapo ina sehemu inayotokana na mkono wako. Dawa yake inajulikana: zipeleke picha zote mbili kwenye nafasi ya katikati, kila moja itembee nusu ya njia, zote zififie kwa kiasi kilekile.

Kuhusu kontrasti, kumbuka kwamba doa jipya linawaka kwa muda mfupi, mengi kwa wiki chache tu. Mtu anayepigwa picha mara moja kwa mwaka anaweza kuwa na uvimbe mkali katikati ya mwaka, na usione kitu kinachowaka siku ya kipimo. Madoa meupe mapya au yaliyokua kwenye picha za FLAIR, aina ya picha ya MRI inayozima mng'ao wa maji ya ubongo ili madoa yaonekane, ndiyo yanayokuhifadhia habari za mwaka mzima. Tena, tangu 2014 ilipoonyeshwa kwamba gadolini hubaki kwenye ubongo wa watu waliodungwa mara nyingi, matumizi yake katika ufuatiliaji wa kawaida yamepungua, na mwongozo wa kimataifa wa 2021 unaelekea hukohuko. Jifunze kuzisoma vizuri picha zisizo na kontrasti.

Sasa tuje kwenye kusinyaa kwa ubongo, ambako naomba uwe mwangalifu kupita kote. Ubongo wa mtu mzima mwenye afya hupoteza takriban asilimia 0.1 hadi 0.3 ya ujazo wake kwa mwaka. Kwa mwenye MS, mara nyingi ni kati ya asilimia 0.5 na 1. Tofauti hiyo ni kubwa ukiwa na watu mia, na ni ndogo sana ukiwa na mtu mmoja, kwa sababu hata programu nzuri ina kosa la karibu asilimia 0.2, na mtu aliyekaa saa nyingi bila kunywa maji anaweza kupungukiwa nusu asilimia kwa sababu hiyo tu. Halafu kuna dawa. Anayeanza tiba yenye nguvu uvimbe wake hushuka, maji hutoka, na ubongo huonekana umesinyaa wakati kwa kweli unatulia. Ndiyo sababu hupigwa picha mpya ya msingi miezi 3 hadi 6 baada ya kuanza dawa, na hesabu huanzia hapo. Ukihesabu kutoka picha iliyotangulia tiba, utaishtaki dawa inayofanya kazi.

Vipimo vya mtawanyiko wa maji vinagusa tishu inayoonekana nzima kwenye picha za kawaida, na hilo ni jambo kubwa. Ila thamani ya FA, inayoonyesha jinsi maji yanavyofuata mwelekeo mmoja, ikishuka usikimbilie kuandika kwamba mayelini imepotea. Uvimbe hushusha thamani hiyo, upotevu wa nyuzi za neva huishusha, hata mahali nyuzi zinapopishana huwa chini bila ugonjwa wowote. Andika ulichopima, kisha taja sababu zinazowezekana.

Kinachonivutia kuliko vyote ni madoa yenye ukingo wa chuma, yanayoonekana kwenye picha zinazohisi usumaku. Chuma hicho kimo ndani ya seli za kinga zilizobaki pembeni mwa doa, na baadhi ya madoa hayo hutanuka polepole kwa miaka. Yanatusaidia kuelewa wagonjwa wanaozidi kudhoofika bila shambulio wala doa jipya, watu ambao ripoti zao zilikuwa zikiandikwa kuwa hakuna mabadiliko. Frederik Barkhof, mtaalamu wa picha za ubongo wa Amsterdam, aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 2002: wingi wa madoa na hali ya mgonjwa haviendi sambamba. Uti wa mgongo, usiopigwa picha mara nyingi, ni sehemu ya jibu. Madoa ya gamba la ubongo, yasiyoonekana kirahisi, ni sehemu nyingine. Na kipimo cha ulemavu cha EDSS kinaegemea sana kutembea, hivyo uchovu na kusahau hupita bila kuhesabiwa.

Mwisho, tazama ni nani hayumo. Anayezidiwa ndiye wa kwanza kuacha kuja, kwa sababu kulala chali bila kutikisika nusu saa ni mateso kwa mwenye misuli inayokaza na kibofu kisichosubiri. Data inayobaki ni ya walio nafuu, na mstari wa wastani unapanda kwa uongo. Andika sababu ya kila aliyekosekana, na uiweke kwenye uchambuzi. Ukiwa zamu kwenye mashine, muulize mgonjwa kama amekunywa maji leo, mpe nafasi ya kwenda msalani kabla ya kuingia, weka mto chini ya magoti, mwambie kila kipande cha kelele kitachukua dakika ngapi, na mwonyeshe kitufe cha kukuita.