Siku nilipomkalisha mtoto aliyekuwa sahihi

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa binti niliyemfundisha darasa la sita, ambaye sasa naye ni mwalimu. "Shikamoo mwalimu. Leo tumesimamisha kijiti." Chini yake picha: watoto wameinama, mmoja kaweka rula kwenye vumbi. Nililia, na sioni haya kusema.

Kijiti hicho kilianzia kwenye kosa langu. Ilikuwa Novemba, Dar es Salaam. Nilikuwa nafundisha kwamba sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana kivuli huangukia kusini. Binti akanyoosha mkono: "Mbona cha mlingoti wa bendera kimelalia upande wa ofisi?" Ofisi iko kaskazini. Nikamwambia akae, asipoteze muda wa wenzake. Darasa likacheka.

Kesho yake nikaenda mwenyewe mlingotini. Alikuwa sahihi. Hapa kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Oktoba na mapema Machi, na kuanzia Oktoba hadi Machi hupita kusini yetu, hivyo kivuli huangukia kaskazini. Miaka tisa nilifundisha bila kutoka nje kutazama!

Nilimwomba radhi mbele ya darasa, tukachomeka kijiti. Kila Ijumaa saa sita tukapima. Ofisini wakasema nacheza na watoto badala ya kumaliza silabasi. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Lakini Machi, wakiwa darasa la saba, kivuli kiliishia shinani mwa kijiti, kisha kikageukia kusini. Walipiga kelele kama wameona goli.

Mkumbuke Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kitanzania. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu wake akambeza. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu Dar. Wenzake walimcheka, Osborne akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanafizikia bado wanabishana juu ya jambo hilo.

Mwalimu mwenzangu, najua nawe unataka watoto wanaofikiri. Basi usikimbilie kujibu. Uliza, "Tutajuaje?" Waandike makisio kwanza, kwa wino, ndipo wapime. Usiseme huna maabara; kijiti unacho. Narudia: usijibu, wapime.

Binti nilimjibu: "Marahaba. Makisio wameandika?"

"Kwa wino, mwalimu. Na mmoja amekataa ya kwangu."