Koi wote wanajisugua ukutani, nimeshamwaga dawa mbili

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Uyole, Mbeya, nina kabwawa ka saruji nyuma ya nyumba, urefu mita 3, upana 2, kina 1, ndani nina koi 14, wale samaki wa mapambo. Mwezi wa saba huu na baridi yetu hii maji yalikuwa ya kijani mno, nikaamua kusafisha, nikatoa zaidi ya nusu, nikafua sponji za filta kwa maji ya bomba mpaka zikang'aa, afu nikajaza kwa mpira moja kwa moja. Jioni ileile wote wakaanza kujisugua ukutani, wengine wanaruka, wengine wamejazana pale maji yanapoingia wanahema tu. Dukani nikaambiwa ni wadudu nikapewa dawa, siku ya tatu nikapewa nyingine. Wamekufa wawili, na yule mweupe anayependwa na mwanangu amelala chini, mapezi ameyabana. Madoa sioni. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada, na umpe pole mtoto. Kuna neno moja kwenye maelezo yako ndo limenishtua: "wote", tena jioni ileile. Wadudu hawaendi hivo. Wadudu wanaanza na samaki mmoja au wawili, siku zinapita, wanaongezeka. Samaki wote wakibadilika siku moja, tena baada ya kugusa maji, basi angalia maji kwanza, dawa iache kabatini.

Yaani mambo mawili yamewapata kwa mpigo. Maji ya bomba yana klorini, inaunguza mashavu (matamvua wanayopumulia), ndo maana wanahema. Halafu zile sponji, ule uchafu wa kahawia uliouona ni makazi ya bakteria wanaokula amonia, sumu wanayoitoa samaki wenyewe, ukafua na maji ya klorini ukawaua, kwa hiyo klorini ikiisha amonia inapanda, na nadhani bado unawalisha kama kawaida, na kwenye baridi koi chakula kinakaa sana tumboni, maji yakiwa chini ya nyuzi 10 hutakiwi kuwapa kabisa. Na dawa juu yake. Kuna dawa zinazopunguza hewa kwenye maji, na Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, maji yetu yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya Dar hata yakiwa na joto lilelile.

Kwa hiyo leo acha kulisha, acha dawa zote, washa pampu ya hewa usiku na mchana. Maji yaweke kwenye tanki siku moja au mbili huku yanapuliziwa hewa, ndo ubadilishe robo ya bwawa kila siku. Tafuta kipimo cha amonia na nitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia), vyote vinatakiwa kusoma 0. Sponji siku nyingine zisuuze kwenye ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, zikibaki na rangi ni sawa kabisa.

Na chumvi, ya mawe, isiyo na madini joto. Mwili wa samaki una chumvi kuliko maji, hivyo maji yanamwingia muda wote na yeye anafanya kazi kuyatoa, ukiweka kidogo unampunguzia mzigo. Kipimo ni kilo 3 kwa lita 1,000. Bwawa lako lita 6,000, jumla kilo 18, weka kilo 6 kwa siku, siku tatu, yeyusha kwenye ndoo kwanza umwage pembeni taratibu. Mimea kama ipo itoe. Chumvi haipotei na jua, ukibadilisha robo ya maji unarudishia robo ya chumvi tu.

Wiki ikipita maji yanasoma vizuri na bado kuna wanaojisugua, hapo nitakubali wadudu, maana samaki aliyechoka anashambuliwa kirahisi. Lakini usinunue dawa kwa kubahatisha. Mshike mmoja kwa neti, mweke kwenye beseni la maji yake, lowesha mikono, kwa kioo cha maabara kwangua utelezi nyuma ya pezi la kifuani kutoka kichwani kuelekea mkiani, weka tone la maji ya bwawa, funika, na usomwe ndani ya dakika chache. Hadubini inayosomea malaria inatosha, muombe afisa uvuvi wa halmashauri au daktari wa mifugo akusaidie. Akiona sahani ndogo yenye meno inazunguka, hiyo ni trikodina. Akiona kama koma inapepesuka, hiyo kostia, inapenda baridi hasa. Akiona mnyoo unajikunja na kujinyoosha una ndoano upande mmoja, huyo chumvi hamtishi, anataka prazikwanteli, ileile ya kichocho, kipimo akupe daktari. Unaona, wadudu watatu, dalili moja.

SWALI: Mimi wa Mafinga. Koi mpya niliowaongeza wana nyuzi zinaning'inia mgongoni, na kidonda chekundu pale zinapotokea. Nizivute?

JIBU: Zivute, ila kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, polepole, maana kichwa kimezama nyamani kama nanga na kikikatikia ndani kinaoza. Pakaa ayodini. Huyo ni mdudu anaitwa lernaea, wengi wanamwita mnyoo nanga, na ni jike, ule mkia umebeba mifuko miwili ya mayai, kwa hiyo mengine yameshaingia majini, joto likirudi mwezi wa tisa utawaona tena usipotibu bwawa zima. Muulize daktari wa mifugo kuhusu diflubenzuroni, dawa ya kuzuia wadudu wachanga wasikue. Na wageni wanaokuja tena wakae wiki nne kwenye tanki lao, na neti yao, mbali na bwawa.