Re: Kwa nini kaboneti ya sodiamu haivunjiki kwa moto ila ya kalsiamu inavunjika?

Mdogo wangu wa form five uliyeuliza kwa nini kaboneti ya sodiamu inavumilia moto na ya kalsiamu inavunjika, halafu lithiamu peke yake inawakimbia wenzake wa kundi la kwanza la jedwali la elementi, hili swali lilinitesa sana nikiwa advance pale Moshi, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu. Waliokwambia kariri tu usiwasikilize.

Sisi siku ya praktiko kaboneti ya sodiamu ya lab ilikuwa imeisha, mtu akatumwa soko la Mbuyuni kununua magadi, haya haya mama zetu wanayotia kwenye kiburu maharage yaive haraka. Nikaponda bonge moja nikatia kwenye tesityubu nikaweka motoni. Muda si mrefu naona matone ya maji yamejipanga kwenye shingo ya tesityubu, na ule mrija niliouchovya kwenye maji ya chokaa unatoa mapovu, maji yakaanza kufifia mpaka yakawa meupe kama maziwa. Hiyo ndiyo dalili yake, hewa ya ukaa inatoka naiona kwa macho yangu, na daftari langu limeandikwa kaboneti ya sodiamu haivunjiki! Nikaandika nilichokiona, nikapigwa mkasi, na hakuna aliyenieleza kwa nini.

Nimekuja kuelewa baadaye sana. Magadi ya sokoni sio kaboneti tupu, ni madini yanaitwa trona, ndani yake kaboneti, baikaboneti na maji vimeshikana pamoja: Na2CO3·NaHCO3·2H2O. Hiyo baikaboneti ndio dhaifu, nyuzi 200 ni nyingi kwake, inaachia maji na hewa ya ukaa, inabaki kaboneti. Ile iliyobaki sasa ndio yenyewe inayosemwa kwenye kitabu, ongeza moto, ikifika nyuzi 851 inayeyuka inakuwa kimiminika lakini kuvunjika haivunjiki. Kwa hiyo macho yangu yalikuwa sawa na daftari lilikuwa sawa, ila nilichochoma hakikuwa kile kilichoandikwa.

Upande wa kalsiamu niliuona kwa baba mdogo, alikuwa anachoma chokaa. Jiwe linaingia tanuruni ukilibeba unaguna, likitoka ni lile lile, umbo lile lile, unalinyanyua kwa mkono mmoja. Kilo 100 za kaboneti ya kalsiamu zinaacha kilo 56 tu za chokaa, 44 zote zimepanda juu kama hewa ya ukaa. Ukilimwagia maji linafoka mvuke, linapasuka, linageuka unga. Lakini kuna mawe ambayo moto haukufika katikati, maana inatakiwa karibu nyuzi 900, hayo unga unadondoka nje halafu ndani unakuta moyo mgumu, maji hayaufanyi kitu, mafundi wanautupa pembeni. Huo moyo bado ni kaboneti.

Sasa kwa nini? Chukua saizi za ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, uziweke mbili mbili, hapa ndipo mimi nilipopata mwanga. Sodiamu nusu kipenyo chake pikomita 102, kalsiamu 100, yaani karibu sawa kabisa, lakini kalsiamu ina chaji mbili na sodiamu moja. Kaboneti ni ioni kubwa, wingu lake la elektroni ni laini, ikikaa karibu na kitu chenye chaji kali kwenye nafasi ndogo lile wingu linavutwa upande mmoja, oksijeni moja inashikwa na ile metali na kile kifungo chake na kaboni kinalegea, moto kidogo tu hewa ya ukaa imeondoka. Sodiamu haina nguvu hiyo ya kuvuta. Halafu angalia lithiamu, 76, na magnesiamu ni 72. Umeona? Lithiamu ina chaji moja lakini ni kadogo mno, nguvu yote imebanwa sehemu moja, ndio maana tabia zake zinafanana na magnesiamu na kaboneti yake inavunjika ikatoa oksaidi. Ukishuka kundi la pili ioni zinanenepa mvuto unapungua, kwa hiyo magnesiamu inawahi kuvunjika mbali kabla ya kalsiamu, na bariamu yenye 135 inahitaji zaidi ya nyuzi 1,300.

Na wewe uko Arusha, mkoa wako una Oldoinyo Lengai, mlima wa volkano unaotoa lava ya kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalsiamu, hakuna mwingine duniani unaofanya hivyo leo. Lava za kawaida zinapita nyuzi 1,000, hii inatiririka kwenye 500 hadi 600 hivi, nyeusi na nyepesi kama oili chafu, ikishapata unyevu inageuka nyeupe. Madini yake mojawapo yanaitwa nyerereite, Na2Ca(CO3)2, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mimi hilo jina likinijia kwenye kemia nasisimka kabisa. Na ona, hata ile kaboneti ya kalsiamu iliyomo haijavunjika, joto la 600 halijafika 900.

Nitreti mantiki ni ile ile: za sodiamu na potasiamu zinatoa oksijeni tu zinabaki nitriti, za kundi la pili zinafika mpaka oksaidi na kutoa moshi wa kahawia wa NO2, na lithiamu inatoa huo moshi pia. Kwenye pepa wakikutajia moshi wa kahawia na chumvi ya kundi la kwanza, jibu ni lithiamu.

Mkipewa magadi ya sokoni kwenye praktiko, yachome kwanza kwenye sufuria kavu, yapoe, pima, choma tena, pima, mpaka uzito usimame. Hapo ndio tia kwenye tesityubu na maji ya chokaa mapya, utaona yanabaki maangavu.