Zakayo hakulipa kwanza

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mama mchungaji, na shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Mbeya. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye ugonjwa na msiba, tunauweka kwenye simu yangu. Mwezi Mei mwanangu alikuwa anazuiwa mtihani chuoni kwa sababu ya ada, nikachukua 180,000 za mfuko huo. Mpaka leo hakuna anayejua, na Desemba tunavunja kikoba, yaani tunahesabu na kugawana fedha. Tangu hapo sisali. Nikipiga magoti inanijia Zaburi 66:18, kwamba ningewaza maovu moyoni Bwana asingesikia. Jumuiya wakinipangia kufungua kwa sala, nasingizia mafua. Nimeamua nikishalipa yote ndipo nirudi kwa Mungu. Nakosea?

JIBU: Amina, na marahaba mwanangu. Naanza na huo uamuzi wa kulipa kwanza, maana ndio uliokufunga. Fungua Luka 19. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko. Yuko juu ya mkuyu, hajarudisha hata senti ya mtu, Yesu anamwambia: “Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako.” Watu wakanung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi, na kweli alikuwa mwenye dhambi. Ahadi ya kurudisha mara nne ilikuja Bwana akiwa ameshakaribishwa. Wewe unataka Bwana asubiri nje mpaka deni liishe. Sasa nguvu ya kulipa utaitoa wapi, mwanangu, huko uliko peke yako?

Zaburi 66:18 siipunguzii uzito. Mtu anayelea dhambi wala hana nia ya kuiacha, inamhusu. Wewe yako inakutesa. Halafu soma mstari wa 19: mtunzi yuleyule anashuhudia kwamba Mungu amemsikia.

Sisi Walutheri ungamo tunaliweka mwanzoni mwa ibada, kabla ya mahubiri na kabla ya meza ya Bwana. Hakuna anayezuiwa mlangoni mpaka atakate. Jambo hili nalipenda mno, na huumia nikisikia likisomwa harakaharaka kama matangazo.

Basi leo usiku usihangaike na maneno mazuri. Litaje kosa lenyewe: “Bwana, nimekula 180,000 za mfuko wa jamii. Naogopa kusema. Nisaidie.” Usijifiche nyuma ya “nisamehe makosa yangu yote”, hilo mtu huweza kulisema miaka na miaka bila kumkaribia Mungu hata hatua moja. Ukishindwa kabisa, chukua sala ya yule mtoza ushuru wa Luka 18: “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Alisimama mbali, hakuthubutu kuinua macho, na akashuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki.

Kisha mwone mwenyekiti wenu kabla ya kikao kijacho, usingoje Desemba. Mwambie kiasi, mwambie utakavyorejesha kidogo kidogo. Huenda wakakuvua uweka hazina, kubali. Huendi kulipa ili Mungu akupokee. Unalipa kwa sababu mfuko ule ni wa mgonjwa na mfiwa, na wakati wowote mmoja wenu anaweza kuuhitaji. Ukiona miguu inakataa, mwombe mzee wa kanisa wa mtaa wenu aende nawe.