Mwalimu wetu simfahamu anavyosema

Assalaam alaykum Maalim. Natoka Wete, niko mwaka wa kwanza chuoni hapa Unguja. Mwalimu wetu wa hisabati ni Muhindi, na Kiingereza chake simfahamu hata kidogo. Vekta yeye anaita "wekta". Wenzangu wa dakhalia wameandika barua abadilishwe, imebaki tutie saini. Tuna makosa?
Mwanafunzi, Unguja

Waalaykum salaam, mwanangu. Saini ngoja kwanza.

Nami ni Mpemba. Nilipopanda boti Mkoani kuja kusoma Unguja, nikiinua mkono darasani dawati la nyuma linacheka sijamaliza hata sentensi. Jibu lilikuwa sahihi, lakini walisikia lafudhi tu. Muhula ule sikuinua mkono tena, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Kwa hiyo "hata kidogo" yako imenishtua. Wekta umeisikia, na ukajua ni vekta. Wahindi wengi v na w hawazitenganishi, na t huitamka ncha ya ulimi imepinda juu. Ukishalijua hilo, maneno mengi yanafunguka kwa mpigo.

Mtafiti Mmarekani, Donald Rubin, alichapisha jaribio lake mwaka 1992. Wanafunzi walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa, sauti moja, ya mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Kundi moja likaonyeshwa picha ya mwanamke wa kizungu, jingine ya mwanamke wa Asia. Hili la pili likadai kusikia lafudhi ya kigeni, na likashika machache zaidi ya yaliyosemwa. Mkanda ulikuwa ule ule! Jiulize, siku ya kwanza ulianza kutomfahamu kabla hajasema, au baada?

Na sikio hujifunza upesi. Mwaka 2004 watafiti Clarke na Garrett walionyesha kuwa msikilizaji huanza kuizoea lafudhi ngeni ndani ya dakika moja. Ila lazima awe anasikiliza. Kaa mbele, isome mada usiku wake, na neno likikupita mwombe aliandike ubaoni.

Akiwa anakimbia, au anazungumza na ubao, hapo mna haki kamili. Kasi ni kitu kingine, lafudhi kitu kingine. Nendeni wawili watatu ofisini kwake mkamwambie kwa adabu. Huenda hajawahi kuambiwa.

Wiki tatu zikipita na bado mnakwama, niandikie. Barua mimi mwenyewe nitakusaidia kuiandika, juu ya ufundishaji wake, na ulimi wake hatutautaja.