Kinu kichukueni, ila bibi alale chini

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu. Umeniuliza kama ni busara mkodi kile kinu cha upepo ulichokiona huku kwetu Lauragais, kusini mwa Ufaransa, kati ya Toulouse na Carcassonne, mkae wiki nzima mwezi wa Agosti mkijipikia wenyewe: wewe, mumeo, mtoto wenu Salim, na bibi yake anayekuja kutoka Tanga. Mwishoni ukaongeza, "Au ni mapicha tu, Mama?"

Picha ni za kweli, kichukueni. Ila kabla hujatoa hata senti muulize mwenye nyumba choo kiko ghorofa ya ngapi, na kitanda kilicho karibu na choo hicho ni kipi.

Kazi yangu ya Jumamosi unaijua. Wakati wa kiangazi nyumba hizi, gîte kama wanavyoziita, hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Wageni wanatoka saa nne asubuhi, wengine wanaingia saa kumi jioni, na katikati ya hapo tunaingia sisi wenye ndoo na mafagio. Vinu nimevisafisha kuanzia kwenye paa hadi kizingitini, kwa hiyo ninachokuambia nimekiinamia kwa mgongo wangu mwenyewe.

Mnara wa kinu ulijengwa kwa ajili ya unga, si watu. Nafaka ilipandishwa juu, ikamiminwa kati ya mawe mawili, unga ukateremka hadi kwenye magunia chini. Ndiyo maana kila ghorofa ni chumba kimoja cha duara, na waliovigeuza kuwa nyumba hawakuwa na ujanja mwingine: jiko chini, sebule katikati, kitanda juu kabisa. Ngazi inafuata ukuta, vidaraja vyake vipana upande wa nje na vyembamba upande wa ndani, kiasi kwamba usiku mtu mzima anashuka kinyumenyume ameshika kamba. Sasa mfikirie mzazi mwenzangu na magoti yake, saa nane za usiku, anatafuta choo. Salim naye, na miaka yake mitatu, atashuka upesi kuliko mnavyotaka.

Kwa hiyo tafuteni chenye kijumba cha msagaji pembeni. Vipo vingi vya namna hiyo. Bibi na mjukuu walale kwenye kijumba, ninyi wawili mpande mnarani mkafaidi hayo mapicha. Kikiwa ni mnara mtupu bila kijumba, kiacheni, hata kama bei yake inavutia.

Kuta ni nene, nyingine zinafika mita nzima, na mchana wa Agosti utazipenda, maana chini panakuwa na ubaridi mzuri. Juu chini ya paa ni habari nyingine. Joto lote la siku linapanda huko na madirisha ni madogo. Intaneti nayo haipandi, inaishia jikoni. Mumeo akisema atafanya kazi kidogo akiwa likizo, mwambie meza yake ni ile ya kukatia vitunguu.

Huenda mkakuta milango miwili inayotazamana. Usidhani ni mbwembwe za fundi. Mabawa yalipokuwa yanazunguka mbele ya mlango mmoja, msagaji alitokea mwingine, kwa sababu bawa linapita karibu na ardhi na halimsubiri mtu. Paa lenyewe lilikuwa likigeuzwa kwa boriti ndefu iliyoshuka nje hadi chini, ili mabawa yaelekee upepo. Huku pepo kubwa ni mbili: cers, unaotoka magharibi, na autan, unaotoka kusini-mashariki. Huo autan ukianza unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na wenyeji husema unawatia watu wazimu. Mimi nasema unawatia ugomvi. Wageni waliokaa na autan wiki nzima nawajua kwa namna wanavyofunga mabuti ya gari. Ukiusikia, fungeni mbao za madirisha mapema.

Usitegemee mabawa ya kinu chenu yazunguke, mengi yamebaki pambo. Mkitaka kuona mitambo ilivyokuwa, nendeni Castelnaudary, kuna kinu cha Cugarel, cha karne ya 17, kilichokarabatiwa mwaka 1962. Salim atapenda magurudumu ya mbao.

Sasa jiko, maana huko ndiko mtakakoshinda. Kabati lina mgongo ulionyooka na ukuta umepinda, kwa hiyo haviwezi kugusana. Nyuma yake inabaki nafasi, na kila Jumamosi naingiza mkono humo natoa vijiko, vifuniko, chuchu za watoto, na mara moja pasipoti. Msiweke kitu chochote juu ya kabati hilo. Halafu uliza jiko ni la gesi au la umeme, maana yale ya kioo ya siku hizi hayakubali kila sufuria, na ile ya alumini unayoipenda haitapata moto.

Chakula kinunueni Toulouse kabla hamjaondoka mjini, hasa nyama. Ya halali Toulouse ipo tele, kijijini hutaiona. Soko zuri la Jumamosi liko Revel, chini ya paa la mbao la karne ya 14, lakini ni la asubuhi, na ninyi mnapewa funguo saa kumi jioni. Mkifika bila kitu, itakuwa mashaka: vijijini maduka mengi hufungwa mchana watu wakale, na Jumapili kwenye saa saba hivi hata yale makubwa mengi yanafunga. Duka la mikate nalo lina siku yake ya kupumzika katika wiki. Wageni wengi ninaowakuta wamenuna, wamenunia hilo.

Unga wa chapati usikusumbue. Pakiti zina namba: 45 ni mweupe sana, wa keki, 55 au 65 ndio wetu, 150 ni ule mzima wenye makapi yake. Kadiri namba inavyopanda ndivyo unavyozidi kuwa mweusi. Mimi nachukua 65, unavutika vizuri na chapati hailali kavu. Na nunueni maharage meupe ya Castelnaudary, yana ganda jembamba, yanaiva bila kupasuka. Wenyewe huyapika na bata, nguruwe na mafuta yake kwenye chungu cha udongo, na wanajivunia chakula hicho mpaka kero. Hicho si chetu. Ninyi yalowekeni usiku, myapike na tui la kopo na pilipili nzima juu; bibi atajiona yuko Ngamiani, kule kwao Tanga.

Kama kuna bwawa la kuogelea, sheria ya Ufaransa inataka liwe na kinga: uzio, king'ora, kifuniko au banda. Uliza ni ipi. Kwa mtoto wa miaka mitatu mimi ningechukua uzio wenye mlango unaojifunga, king'ora kinalia mtu akishaingia majini. Choo mara nyingi kinaishia kwenye shimo la nyumba yenyewe, kwa hiyo vitambaa vya kumfutia Salim viende kwenye pipa la taka. Shuka na usafi mara nyingi havimo kwenye bei, halafu kuna amana na ushuru mdogo wa kila usiku kwa kila mtu mzima. Siku ya kuingia piga picha ya kila kikombe kilichobanjuka. Mwenye nyumba naye ana zake.

Viza ya bibi ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa, inaweza kuombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na karatasi ya kukodi nyumba inaambatanishwa na maombi. Kwa hiyo kodini penye ruhusa ya kughairi na kurudishiwa pesa hadi majibu yatoke. Hapo msione haya kulipa zaidi kidogo.

Mchana mpelekeni bibi Naurouze akatembee taratibu kando ya mfereji wa Canal du Midi, njia ni tambarare. Hapo ndipo mahali pa juu kabisa pa mfereji, maji yanagawanyika, mengine yanaelekea upande wa Atlantiki na mengine Mediterania. Riquet aliyeujenga alifariki mwaka 1680, mfereji ukafunguliwa mwaka uliofuata. Kivuli kimepungua siku hizi, miti mingi ya kando yake imekatwa kwa ugonjwa, basi chukueni kofia.

Kwetu nyumba ni ndogo, unajua, la sivyo nisingewaachia mlipe kinu. Jumapili nitakuja na baba yako na kuku wa kupaka, hivyo siku hiyo usipike. Kabla hujalipa nitumie picha ya ghorofa ya chini, ile inayoonyesha milango yote, niitazame kwanza.

Mama yako