Mwanangu, anza kupima mkojo

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Pole sana kwa jiwe la pili la figo. Baba yako alipokuwa nalo nilimwona akishindwa kukaa, kusimama wala kulala, kwa hiyo najua unachokisema. Umeniuliza kama kunywa maji mengi kunazuia kweli mawe ya figo yasirudi, au ni neno tu analoambiwa kila mgonjwa akitoka kwa daktari.

Kunasaidia, na kumepimwa. Mwaka 1996 Loris Borghi na wenzake wa Parma, Italia, walitoa matokeo ya utafiti wa miaka 5. Walichukua watu 199 waliopata jiwe la kalsiamu kwa mara ya kwanza. Nusu waliambiwa wanywe maji mpaka mkojo wa siku ufike lita 2 au zaidi. Wengine waliachwa waendelee na mazoea yao. Mwishoni, mawe yalikuwa yamewarudia watu 12 kati ya 99 waliokunywa maji, na 27 kati ya 100 wa upande wa pili. Ni tofauti kubwa kwa kitu kisicho dawa. Lakini wale 12 usiwasahau: maji yanapunguza hatari, hayaimalizi.

Kalsiamu na oksaleti, vitu vinavyojenga mawe mengi ya figo, zimo kwenye mkojo wa kila mtu. Maji yakiwa mengi zinabaki zimeyeyuka na kutoka. Mkojo ukiwa mzito zinashikana, chembe inakua, na siku moja inakwama kwenye mrija wa kwenda kwenye kibofu.

Ndiyo maana kuhesabu glasi hakutoshi. Mtu anayefanya kazi juani hunywa kama wewe, ila mengi yanaishia kwenye jasho. Pima kinachotoka. Madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani wanataka mkojo usiopungua lita 2.5 kwa siku. Chukua jagi lenye alama za vipimo, uliweke chooni siku ambayo hutoki nyumbani. Mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage. Kuanzia hapo kusanya wote, pamoja na ule wa kwanza wa kesho yake. Baba yako alikuwa akiapa kwamba anakunywa maji ya kutosha. Jagi lilipokataa kujaa, ubishi uliisha.

Angalia na rangi: iwe ya njano hafifu mno. Usiku ndipo mkojo unapokuwa mzito zaidi, hivyo kunywa glasi kabla ya kulala, na nyingine ukiamka kwenda chooni. Ni kero, najua. Vumilia. Ila usinywe lita nzima kwa mkupuo. Maji mengi mno kwa muda mfupi huteremsha chumvi ya damu, na hiyo ni hatari. Na kama umewahi kuambiwa moyo au figo ni dhaifu, muulize daktari kwanza.

Punguza chumvi kwenye chakula, maana huongeza kalsiamu kwenye mkojo. Maziwa usiyaache, hata watu wakikutisha kwamba jiwe ni kalsiamu. Kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Jambo moja nakusihi. Maji hayayeyushi jiwe la kalsiamu ambalo tayari lipo. Maumivu yakija na homa au kutetemeka, usikae nyumbani ukinywa maji; nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mkojo uliozibwa ukiwa na maambukizi unaweza kuua.

Na lile jiwe lililotoka, kama bado unalo, lipeleke maabara. Likiwa la asidi ya yuriki, kuna dawa ya kupunguza ukali (asidi) wa mkojo inayoweza kuyeyusha mawe ya aina hiyo. Likiwa limetokana na maambukizi, maji peke yake hayatakutosha. Ukipata majibu nipigie, tuyasome pamoja kabla hujarudi kwa daktari.

Mama yako